Namba ya Katikati

Kibet,

Mambo ya jaketi na soksi shangazi yako Rael ameshakuambia mara nne tangu asubuhi, na kila mara amekuambia kama habari mpya, kwa hivyo mimi siyarudii. Niko kwenye gari hapa nyuma ya nyumba, vioo nimefunga. Sebuleni wanaimba. Huyo dada ya babako ameleta kundi zima la kanisa kutoka Kiplombe waje wakuombee kabla ya safari, na mimi nimewaambia naenda kununua sukari. Sukari iko, imejaa mkebe. Nimekimbia ili nikuandikie, kwa sababu nimejaribu kukuambia jambo hili kwa mdomo mara tatu, na mara tatu zote umenikata.

Mara ya kwanza ilikuwa Aprili. Nilikuwa nimekaa jikoni na karatasi mkononi, nimejipanga kabisa, nawe ukaingia mbio na simu: "Mum, wamenichukua! Ujerumani wamenichukua!" Ukaniinua na kiti. Ningesema nini? Mara ya pili ulikuwa unatafuta cheti cha kuzaliwa na nyumba nzima imepinduliwa. Ya tatu ilikuwa jana, tukikunja mashati. Nikasema, "Kibet, kuna kitu kwenye ile makala yangu." Ukasema, "Mum, relax. Nitaisoma tena kwa ndege." Ati relax! Mtu niliyempangusa kamasi ananiambia nirelax.

Basi soma. Ile namba ya makala yangu ni makosa.

Kwenye pendekezo lako la utafiti, ukurasa wa kwanza, umeandika kwamba imeshaonyeshwa eksitoni hujinasa yenyewe ndani ya fuwele hii. Halafu tanbihi ya kwanza, halafu jina langu. Haijaonyeshwa, mwanangu. Nilikosea. Unataka kutumia miaka mitatu ya ujana wako kutafuta jinsi eksitoni inavyotoka kwenye shimo, na shimo lenyewe haliko. Hilo ndilo nimekuwa nikitaka kukuambia tangu Aprili, na sasa limesemwa.

Hesabu yenyewe sitaiandika hapa. Iko kwenye karatasi nne nilizokunja ndani ya bahasha hii. Nikianza na hesabu nitajificha ndani yake, najijua, nimejificha humo miaka mingi. Wacha niseme kwa maneno ambayo hata babako akiokota barua hii ataelewa.

Mwanga ukipiga fuwele, elektroni inaruka kutoka mahali pake na kuacha pengo. Elektroni ina chaji hasi, pengo linakuwa kama chaji chanya, kwa hivyo hao wawili wanavutana na kutembea pamoja, wamebeba nguvu ya ule mwanga. Hiyo ndiyo eksitoni. Wakifika mbali, fuwele hiyo unaweza kuitengenezea seli ya sola. Wakikwama njiani, hiyo ni jiwe tu. Na kinachowakwamisha ni atomu za fuwele zenyewe. Elektroni inavuta zingine na kusukuma zingine, zinasogea, na kule kusogea kunaichimbia shimo. Pengo nalo linachimbiwa lake. Mimi nilihesabu shimo la elektroni peke yake, nikahesabu la pengo peke yake, nikajumlisha. Likatoka shimo refu ajabu. Nikaandika kwa herufi safi: hawatoki.

Lakini pengo hufanya kinyume cha elektroni. Atomu ambayo huyu anaivuta, yule anaisukuma. Wakiwa karibu, ni kama watu wawili wanaosukuma mlango mmoja, mmoja yuko ndani na mwingine nje. Mlango unasimama hapo hapo. Atomu hazisogei, na shimo halichimbwi.

Hii ni hesabu ya kidato cha pili, Kibet! Chukua a, toa b, zidisha kwa yenyewe. Unapata mraba wa a, na mraba wa b, na katikati kuna namba yenye alama ya kutoa. Kila mwaka wanafunzi wa kidato cha pili wanakatwa alama kwa kuisahau. Mimi sikuisahau, na hapo ndipo uchungu wangu ulipo. Niliiona. Nikaandika mstari mmoja: tuchukulie kwamba elektroni na pengo wako mbali, kwa hivyo namba ya katikati ni ndogo, inaachwa. Sikuihesabu. Halafu kwenye ukurasa wa sita wa makala hiyo hiyo, kwenye jedwali langu mwenyewe, nimeandika umbali kati yao, na hata atomu tatu hazitoshei hapo. Kwenye ukurasa wa pili wako mbali, kwenye wa sita wamebanana, na mwandishi ni mmoja.

Unataka kujua nilifanyaje kosa hilo? Nilikuwa nimechoka, ndiyo. Chumba cha kompyuta pale chuoni kilikuwa kinafungwa saa kumi na moja kwa sababu mwenye ufunguo alikuwa na ng'ombe wa kukamua, stima inapotea unapokaribia kumaliza, nami nikawa nahesabu kwa mkono kila Jumamosi, wewe umelala kwenye sofa ya ofisi. Lakini wengi huchoka. Ukweli ni kwamba jibu nililipenda. Lilikuwa safi, lilikuwa langu, na nilikuwa mwanamke wa kwanza kwenye idara yetu ya fizikia kuandika makala peke yake bila jina la mwanamume juu ya langu. Ukipenda jibu, unaacha kuliuliza maswali.

Mtu mmoja aliliuliza. Unamkumbuka Nafula? Alikuwa mwanafunzi wangu wa shahada ya pili, mwembamba, ana sauti ndogo. Ndiye alikufundisha kugawanya namba ndefu, ukiwa darasa la tatu, kwa vifuniko vya soda. Siku ya semina walikuwa wamekuja wageni, wakuu wa idara wote wako mbele, nami niko ubaoni nimevaa ile suti ya rangi ya maziwa. Nafula akainua mkono. "Madam, samahani. Kwenye jedwali la ukurasa wa sita si wako karibu? Sasa ile namba ya katikati tunaiachaje?"

Nikamwambia, "Kama unataka kunifundisha, njoo usimame hapa." Nilitaka watu wacheke, na wakacheka. Lakini yule msichana, yawa, alikuja! Alidhani nimemkaribisha kweli. Akachukua chaki, akaandika ile namba na alama yake ya kutoa, herufi ndogo ndogo, akarudi nyuma hatua moja. Nami nikaifuta kwa kiganja. Sikutafuta hata kifutio. Nikasema, "Ni ndogo. Tunaiacha," nikaendelea na semina, mkono wangu mweupe kwa chaki hadi mwisho.

Wiki iliyofuata alikuja ofisini. Alitaka kuifanyia kazi fuwele hiyo hiyo kwa tasnifu yake. Nilimwambia hapana, hiyo imekufa, makala imeshatoka, tafuta kitu kingine. Akatafuta kidogo. Halafu akaacha kuja. Sikumpigia simu, na watu walipouliza nilisema msichana alikuwa na akili lakini hana uvumilivu. Nimesema hivyo kwa midomo yangu, Kibet, mbele ya chai na mandazi.

Mwezi wa tatu mwaka huu, kabla ya mvua kuanza, babako alinituma Turbo kuchukua mbegu za mahindi. Duka alilonielekeza nikaingia, na nyuma ya kaunta, amevaa koti jeupe, ni Nafula. Nilitaka kurudi kwenye gari.

"Madam! Ni wewe kweli?"

"Ni mimi, Nafula."

"Karibu, karibu. Mbegu ni ya shamba lile la Kiplombe? Huko juu baridi ni nyingi, chukua hii, usidanganywe na ile ingine." Akaanza kunitolea mifuko. Akauliza kuhusu babako. Akauliza, "Na Kibet? Yule wa vifuniko vya soda?"

Nikamwambia umesoma fizikia, unaomba nafasi ya PhD ng'ambo.

"Usiniambie ni eksitoni."

"Ni eksitoni."

Alicheka hadi akashika kaunta. "Nyinyi familia yenu jamani!" Halafu akawa anafunga mfuko kwa kamba, haniangalii. "Madam, wacha nikuulize. Ile namba ya katikati. Ilikuwa ndogo kiasi gani?"

Hakuniuliza kwa ubaya. Ningefurahi angeuliza kwa ubaya, ningepata pa kushikia. Aliuliza vile mtu anauliza mvua inakuja lini. Miaka yote hiyo, katikati ya dawa za kupe na mbolea, alikuwa na swali lake, anataka tu kujua. Nikasema, "Nitakuangalizia." Nikasahau hata kuchukua risiti.

Nilifika nyumbani nikatoa karatasi, nikageuza upande wa nyuma wa mitihani ya zamani, nikaihesabu. Siku nne tu, Kibet. Kitu nilichokiacha miaka yote hiyo kilichukua siku nne, na mbili kati ya hizo nilikuwa nahakikisha kwa sababu sikutaka kuamini. Ilikuwa ndogo kiasi gani? Ilikula karibu shimo lote. Kilichobaki hakiwezi kunasa chochote. Hao wawili wanatembea huru ndani ya ile fuwele, wametembea siku zote, na mimi niliwaandikia kifungo. Nilikasirika mpaka nikapiga sufuria teke, babako akaja kuuliza kama ni nyoka.

Nikaandikia jarida nisahihishe. Barua pepe ikarudi. Nikaandika tena kwa anwani nyingine, ikarudi. Jarida lilishafungwa, waliolisimamia wametawanyika, na kosa langu limekaa humo kwenye mtandao, hakuna wa kulifungulia mlango. Makala inasomwa na watu wachache sana, hilo linafaa kunifariji. Lakini mmoja wao ni wewe.

Sasa nikwambie kitu kingine, na usinune. Nimekukasirikia wewe pia. Jedwali liko pale ukurasa wa sita! Umesoma makala hiyo labda mara ishirini, umeinukuu, umeisifu kanisani mbele ya watu, "mama yangu ndiye alionyesha," mpaka kiti kikanichoma. Nilikaa Aprili yote, Mei, Juni, Julai, nikingoja uje uniambie, "Mum, lakini hapa si wako karibu?" Ungekuja nayo wewe, ningekubali pale pale, na nisingehitaji ujasiri wowote. Nilikuwa nakutega na kukuombea kwa wakati mmoja. Hukuja. Wewe, mtoto aliyehesabu biskuti ndani ya pakiti akarudi dukani kumgombeza mzee wa watu kwa sababu zilikuwa kumi na moja badala ya kumi na mbili! Biskuti unahesabu, na mamako humhesabu.

Najua ni kwa nini. Ni mimi nilikulea hivyo. Ulipokuwa mdogo ukibishana nami, nilisema, "Nani ana shahada hapa?" na babako anacheka, nawe unanyamaza. Nilidhani ni mzaha wa nyumbani. Nilimfunza Nafula kunyamaza kwa siku moja, na wewe nikakufunza pole pole, kwa mapenzi, hadi ukaona kunihakikisha ni kunikosea heshima. Haki, hilo linaniuma kuliko makala.

Hata na babako ni vilevile. Miaka tuliyogombana, yeye analala shambani Kiplombe, mimi niko hapa mjini Pioneer na vitabu, kila mmoja alikuwa na hesabu yake. Mimi nahesabu uchovu wangu, yeye anahesabu upweke wake, tunajumlisha, tunaona mzigo huu hauwezi kubebwa na mtu. Hatukuwahi kuuliza ni wapi mmoja angempunguzia mwingine. Kisha akavunjika mguu, nikalazimika kwenda kukaa naye kule miezi miwili, na yote yakawa mepesi, hata sijui yalienda wapi. Lakini nisigeuze fizikia kuwa mahubiri, wahubiri tunao wa kutosha pale sebuleni.

Kile ningetaka uchukue kwangu ni kitu kimoja, na si ushauri, ni kovu. Siku utajisikia unasema "hii ni ndogo, tunaiacha," simama. Labda ni ndogo kweli. Kazi yetu nzima ni kuacha vitu, hakuna mtu anaweza kubeba atomu zote za fuwele kichwani. Lakini ihesabu kwanza, ndipo uiache. Na hasa ukijisikia unasema hivyo kwa sauti ya juu, mbele ya watu, na kuna mtu ana sauti ndogo amekuuliza.

Utakuwa huko kwa watu wanaojua kuliko mimi. Profesa wako anaweza kukasirika akisikia msingi wa pendekezo umeondoka. Nimewaza hilo hadi nimekosa usingizi. Nikawaza hata kunyamaza, nakuambia ukweli, nikawaza: aende, aanze, ataliona mwenyewe mwaka wa pili, ataona pia ni mamake, atanificha. Ungenificha. Nakujua. Ungezunguka kosa langu kwa miaka mitatu kama mtu anayepita kando ya kaburi, ili tu usiniaibishe. Hapo ndipo nilipoona lazima niandike leo, hata kama sauti zao zinaingia kwenye gari hili na vioo vimefungwa.

Kwa hivyo fanya hivi. Wiki ya kwanza, kabla hujajua choo kiko wapi, mwambie profesa wako. Usiseme "kuna mabadiliko kidogo." Sema: makala niliyoitegemea ina kosa, namba ya katikati iliachwa bila kuhesabiwa, na hii hapa. Mpe karatasi zangu, lakini wewe uwe umeshazihakikisha. Usiniamini! Mstari kwa mstari. Nikiwa nimekosea tena, niambie bila kulainisha. Kama eksitoni zinatembea huru, basi uliza zinatembea mbali kiasi gani, na nini hatimaye kinazisimamisha. Swali hilo ni zuri kuliko langu. Na kama watakuuliza nani aliliona kosa, usiseme mama. Mama alilifuta kwa kiganja. Sema ni Nafula, na uandike jina lake mahali ambapo jina langu lilikuwa.

Rael anagonga kioo. Ati wote wanangoja maombi ya mwisho, na mama wa msafiri lazima aseme maneno mawili. Nimemwambia dakika tano. Ameona hakuna sukari, ameona nina karatasi, amenitazama vile wananitazamaga watu wa kwenu, akaenda. Nitaingia, nitasimama, nitasema asanteni kwa kuja. Nikiongeza mengine nitalia, na wakiniona nalia watadhani ni kwa sababu ya ndege.

Barua naiweka ndani ya pasipoti yako ili usiipite. Kesho nikikuacha uwanja wa ndege sitarudi nyumbani. Naenda Turbo moja kwa moja, na karatasi nne kama hizi zako, nimezinakili kwa mkono. Sijui nitaanzaje. Labda nitamwambia tu, "Nafula, haikuwa ndogo," nimwekee kaunta, nisimame pale mpaka amalize kusoma, hata kama wateja wamepanga foleni.

Nawe ukifika, ukipata meza na kalamu, fungua ukurasa wa kwanza wa lile pendekezo, ukate jina langu. Kalamu yenyewe, si kompyuta, nataka mkono wako uisikie. Halafu nipigie simu. Usinieleze habari ya baridi wala chakula, Rael atakuuliza hayo. Niambie tu umekata, hata kama ni usiku wa manane huku. Nitakuwa macho.

Mamako